Mume Wake Yuko Mahabusu

Mwezi uliopita niliahidi kwamba safari hii tungeendelea na habari ya watoto wanaoharisha wakati wa kiangazi. Naomba mniwie radhi. Habari hiyo nitaileta, lakini hapa kwetu Mugumu limetokea jambo ambalo nisipolisema sasa nitazidi kulibeba moyoni kama mzigo wa kuni.

Dada mmoja wa kikundi chetu, mwenye watoto wanne na wa mwisho bado ananyonya, aliacha kuja kwenye ibada ya akina mama ya Alhamisi. Wiki ya kwanza tukasema anaumwa. Wiki ya pili hatukusema kitu. Wiki ya tatu mwenzetu mmoja akanong'ona, kwa sauti ile ya chini tunayoijua sote, kwamba mumewe amefungwa, na kwamba ingefaa tumpe muda kwanza. Tumpe muda! Nami nilikuwa mmoja wa waliotikisa kichwa kukubali.

Nilipokwenda kwake nilimkuta anapepeta mtama. Hakuinuka haraka kunipokea, na sikumlaumu. Mumewe alikamatwa karibu na mpaka wa hifadhi akiwa na vipande vya nyama ambavyo askari wa wanyamapori walisema ni vya nyumbu. Alilala kituoni, akafikishwa mahakamani, akapelekwa gerezani kungoja kesi. Mara ya kwanza mkewe alimwona. Mara ya pili aliambiwa hawezi kumwona kwa sababu amegombana na mwenzake juu ya chakula, na ametengwa, yuko chumba cha peke yake. Mara ya tatu jibu lilikuwa lile lile. Akarudi na ugali wake kwenye kikapu.

"Dada nesi," aliniambia, "mimi sijui hata niulize nini, na nimwulize nani. Mwanamke wa mfungwa ana haki gani?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba sisi wote, yeye na mimi na kikundi kizima, tulikuwa tumekosea neno. Mumewe si mfungwa. Mfungwa ni mtu ambaye hakimu au jaji amemsikiliza, akamwona ana hatia, akampa kifungo. Huyu hajasikilizwa bado. Ni mahabusu. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inasema wazi kwamba ni marufuku kumtendea mtu aliyeshitakiwa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kwamba analo. Nami naona agizo hilo linatuhusu sisi wa kwenye foleni ya maji kama linavyowahusu polisi. Tulikuwa tumeshamhukumu yeye na mkewe pamoja, tena bila kulipwa mshahara wa hakimu.

Najua wengine watasema: lakini nesi, kama kweli aliingia hifadhini? Basi mahakama itasema hivyo. Sisi wa Serengeti tunajua uzito wa kesi hizi. Kupatikana na nyara za serikali huhesabiwa kuwa kosa la uhujumu uchumi, na wapo watu wa kwetu waliofungwa miaka 20 kwa vipande vya nyama vinavyoenea kwenye sufuria moja. Katika hati za mashtaka za hapa kwetu nyumbu mmoja ameandikwa kwa miaka mingi kuwa na thamani ya dola 650 za Kimarekani. Kwa adhabu kubwa namna hiyo, kila hatua kabla ya hukumu inapaswa kufuatwa kwa uangalifu, maana aliye na hatia na asiye na hatia wamekaa benchi moja na hakuna anayewajua isipokuwa Mungu.

Tena kesi hizo huchelewa kwa namna yake. Mahakama ya wilaya haiwezi kuanza kusikiliza kesi ya uhujumu uchumi mpaka ipate kibali kutoka ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Wakati huo mahabusu huletwa kwa karandinga, jina lake hutajwa, mwendesha mashtaka husema upelelezi haujakamilika, na anarudishwa. Baada ya wiki mbili, vivyo hivyo. Thamani ya mnyama ikihesabiwa kuwa kubwa, hata maombi ya dhamana hayawezi kusikilizwa hapa Mugumu bali Mahakama Kuu, Musoma. Miaka ya nyuma ilikuwa mpaka Mwanza. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anaambiwa hayo kwenye korido, mara moja, kwa haraka, naye anaitikia "ndiyo" bila kuelewa.

Habari ya dhamana ina historia yake, na historia hiyo imeanzia mkoani kwetu, jambo ambalo wengi hatulijui. Mwaka 1989 kijana aitwaye Daudi Pete alikuwa ameshitakiwa Musoma kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, kosa ambalo sheria ilisema halina dhamana kabisa. Suala lake likafika Mahakama Kuu Mwanza kwa Jaji James Mwalusanya, aliyesema kifungu hicho kinapingana na Katiba, kwa sababu kinamnyima mtu uhuru wake bila hakimu kupewa nafasi ya kupima. Serikali ikakata rufani. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakubali kwamba kifungu kilichomhusu Daudi Pete ni batili. Mashtaka ya mtu mmoja wa Musoma yaliifundisha nchi nzima.

Hata hivyo makosa yasiyo na dhamana hayakwisha. Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji wa fedha yamebaki katika orodha. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu chenye orodha hiyo kinakiuka Katiba, lakini Agosti mwaka huo huo, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Wapo basi watu ambao, hata wakiwa na wadhamini kumi na hati za nyumba, watangoja ndani hadi kesi iishe.

Ndugu zangu, kungoja huko ni kwa familia nzima. Mnakumbuka habari ya mwandishi Erick Kabendera, aliyechukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam tarehe 29 Julai 2019. Aliposhitakiwa, ndani ya mashtaka kulikuwa na utakatishaji wa fedha, kwa hiyo dhamana hakuna. Kesi ikaahirishwa tena na tena. Mama yake mzazi, mgonjwa na mzee, alijitokeza hadharani kumwomba Rais amwachie mwanawe. Tarehe 31 Desemba mwaka huo mama akafariki. Mawakili wakaomba mtoto aruhusiwe japo kwenda kwenye misa ya kumwaga mama yake hapo hapo Dar es Salaam. Ombi likakataliwa. Aliachiwa Februari 2020 baada ya kukiri baadhi ya makosa na kukubali kulipa fedha. Nimezika wazazi wote wawili. Siwezi kuandika habari hii bila kuweka kalamu chini kidogo.

Sasa nije kwenye lile la kufungiwa peke yake, ambalo ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu nina deni nalo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, diploma yangu ya uuguzi bado inanuka wino. Siku moja daktari akiwa safarini niliitwa kwenda kumpima kijana mmoja mahabusu, mahali ambapo sitapataja. Nilipewa karatasi. Ilinitaka niandike kwamba ana afya ya kutosha kuhimili adhabu. Nikampima: mapigo ya moyo mazuri, presha nzuri, kifua safi. Ni mura hasa, mwenye nguvu za kulima. Nikatia sahihi, nikanawa mikono, nikaenda zangu kula. Sikuuliza adhabu gani, wala ya siku ngapi.

Baada ya mwezi hivi aliletwa wodini usiku. Taa ilipowashwa alijifunika uso kwa mikono. Alisema kwa kunong'ona, na kila alipotaka kwenda haja ndogo aliomba ruhusa kwa ukuta, si kwa mimi. Hakujua ni mwezi gani. Mama yake alikuja asubuhi na chupa ya uji wa ulezi, akamshika shavu, na yule kijana akageuza uso kama mtu anayeunguzwa. Mama akaniuliza kama amerogwa. Nilisema hapana, lakini nilichopaswa kumwambia sikukisema. Baadaye kesi yake ilifutwa kwa kukosa ushahidi. Aliadhibiwa bila hukumu, na sahihi ya nesi ilikuwepo chini ya karatasi.

Siku hizo utaratibu wa namna ile ulikuwa na mizizi hata katika kanuni za kimataifa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1955 juu ya wafungwa zilitaka mganga athibitishe kwa maandishi kwamba mtu anaweza kuhimili kufungiwa peke yake. Zilipoandikwa upya na kupitishwa na Baraza Kuu tarehe 17 Desemba 2015, zikapewa jina la Nelson Mandela, na jambo hilo likageuzwa. Sasa mtu wa afya haruhusiwi kushiriki kwa namna yoyote katika kumpa mtu adhabu. Kazi yake ni kumtembelea aliyetengwa kila siku, kumtibu, na kumweleza mkuu wa gereza anapoona kutengwa kunamdhuru. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilimkumbuka kijana yule. Ningetamani karatasi hiyo ingenikuta nikiwa na miaka ishirini na mitatu.

Kanuni hizo zinaeleza kufungiwa peke yake ni nini: kukaa saa 22 au zaidi kwa siku bila kukutana na binadamu kwa mazungumzo ya maana. Askari kusukuma sahani ya ugali mlangoni si mazungumzo. Zikizidi siku 15 mfululizo, hilo limekatazwa, na kumfungia mtu bila kumwambia mwisho ni lini kumekatazwa pia. Kwa wanawake wajawazito, wenye watoto wachanga na wanaonyonyesha, Kanuni za Bangkok za mwaka 2010 zimekataza kabisa adhabu ya namna hiyo. Nalitaja hili kwa sababu hapa kwetu mama naye hukamatwa, nyama ikikutwa jikoni kwake.

Mtauliza, upweke unadhuru nini? Mbona watawa hukaa peke yao? Mtawa ana ufunguo wa mlango wake, dada zangu. Aliyefungiwa hupoteza kwanza usingizi, kisha hesabu ya siku. Moyo humwenda mbio bila sababu. Huanza kusikia sauti, au kuona vitu vikisogea ukutani. Wengine hukataa chakula, wengine hujigonga kichwa. Mwenye kifafa, mwenye kisukari, mwenye presha, anayetumia ARV au dawa za TB, yuko hatarini zaidi, kwa kuwa hakuna mwenzake wa kupiga kelele usiku akizidiwa. Akitoka hukasirika upesi na hawezi kuvumilia kelele za watoto. Wake wengi hudhani mume amebadilika tabia au amerogwa. Ni madhara ya kutengwa, na yanahitaji subira na matibabu.

Hata mwenye moyo wa chuma huumia. Winnie Mandela alichukuliwa nyumbani kwake Soweto tarehe 12 Mei 1969 alfajiri, mbele ya binti zake wawili, mmoja wa miaka kumi na mwingine wa minane. Muda mrefu aliwekwa chumba cha peke yake. Februari 1970 mashtaka yaliondolewa, akakamatwa tena papo hapo, na hakuachiwa mpaka Septemba. Siku 491 kwa jumla, bila kukutwa na hatia. Alisimulia baadaye kwamba kumwona sisimizi chumbani kulikuwa kama kupata mgeni.

Na hapa nchini, Juni 2025, Tundu Lissu, akiwa mahabusu Ukonga kwa shitaka la uhaini, aliilalamikia mahakama kwamba amewekwa katika sehemu ya waliohukumiwa kunyongwa, ametengwa, na hapati faragha ya kuongea na mawakili wake. Ukurasa huu si wa siasa, na msomaji ana chama chake. Nasema tu kwamba mtu anayejulikana dunia nzima, tena mwanasheria, akiwa na malalamiko hayo anayo mahakama ya kuyasikia na waandishi wa kuyaandika. Mume wa yule dada yangu ana mkewe na kikapu.

Basi nilimwambia nini? Nilimwambia kwanza kwamba saa zinahesabiwa. Aliyekamatwa bila hati anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo, isipokuwa kwa makosa yenye adhabu ya kifo. Kwa hiyo andika siku na saa aliyochukuliwa, hata nyuma ya daftari la mtoto. Dhamana ya polisi, kosa likiwa na dhamana, ni bure. Anayekudai "ya soda" anakuibia.

Pili, ya nyama. Nyama huoza, hivyo hupelekwa kwa hakimu atoe amri ya kuiteketeza. Mahakama ya Rufani imeshaamua kwamba mshitakiwa lazima awepo siku hiyo na asikilizwe, na wapo walioachiwa kwa sababu hilo halikufanyika. Yule dada alipomuuliza mumewe baadaye kama alipelekwa, alianza kukumbuka mengi. Sitayaandika, maana kesi ingali inaendelea.

Tatu, ya kumtembelea. Kanuni za Mandela zinasema mahabusu awekwe mbali na waliohukumiwa, aweze kuvaa nguo zake zikiwa safi, kuletewa chakula na ndugu zake, na kuonwa na daktari wake mwenyewe akiwa na sababu ya msingi. Kanuni hizo hazina nguvu sawa na sheria ya Bunge, na kila gereza lina siku zake na ukaguzi wake, kwa hiyo kwenda kwa kugomba hakusaidii. Ukiambiwa ametengwa, usirudi tu na kikapu. Omba kuonana na mkuu wa gereza. Uliza kwa upole: ametengwa tangu tarehe gani, kwa kosa gani, hadi lini, na nani wa afya amemwona leo? Maswali manne tu. Kama ana dawa, peleka kadi yake ya kliniki na uombe ipokelewe. Akija mahakamani, mwambie anyooshe mkono amweleze hakimu mwenyewe, maana hakimu ndiye aliyemweka mahabusu na anaweza kuagiza. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imetambua wasaidizi wa kisheria wasiolipwa na mteja. Waulizieni ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya.

Sitaki mfikiri askari magereza wote ni wabaya. Nimewafahamu wanaonunua panadoli kwa fedha zao. Nao wanabanwa na msongamano na uchache wao, na mara nyingine kumtenga mtu ndiyo njia rahisi ya kuzuia ugomvi. Ucheleweshaji wenyewe ulimezwa mate na wakubwa pia: Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilitoa ripoti yake Julai 2023, na kesi kukawia kwa upelelezi ni miongoni mwa kero ilizozitaja.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 24 kuna mahabusu tunayemjua. Paulo aliwekwa Kaisaria miaka miwili bila hukumu, kwa sababu liwali Feliki alitumaini kupewa fedha. Hata hivyo Feliki huyo, pamoja na tamaa yake, aliagiza rafiki zake Paulo wasizuiwe kumhudumia. Tulilisoma pamoja Alhamisi iliyofuata, na mama mmoja mzee akauliza, "Basi hao rafiki walikuwa akina nani, na sisi tulikuwa wapi wiki tatu?" Hakuna aliyejibu.

Ijumaa nilikwenda naye gerezani. Aliuliza maswali yale manne mwenyewe, sauti ikitetemeka. Mimi nilisimama nyuma nimembeba mtoto. Ofisa alifungua daftari, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Ilikuwa siku ya 12. Hakusema kitu, alimwita askari. Jumatatu mumewe alikuwa amerudishwa pamoja na wenzake, na akaletwa kumwona mkewe. Amekonda, na mwanga ulimsumbua macho. Aliuliza kama mvua imenyesha.

Kesi inatajwa tena tarehe 19. Mama mchungaji atabaki na watoto watatu, yule mdogo ataenda na mama yake. Mimi nina zamu ya usiku, nitatoka kazini moja kwa moja. Mama mzee amesema ugali ataupika yeye, wa mtama, kwa sababu ndio alioutaka.